Ngiri na Kasuku wa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama waliokunywa uji wa jana. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto, nawajua.

Hapo zamani za kale, kabla fisi hajajifunza kucheka, wanyama wa bonde moja walikuwa na ngoma moja. Anayeishika ngoma ndiye anayetawala. Na wanyama wenyewe walikuwa kambi mbili. Kulikuwa na Wenye Pembe. Kulikuwa na Wenye Kucha. Mwenye Pembe akisema jua linachoma, Mwenye Kucha anajikunyata na kusema ah, leo baridi kali. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na kambi tu.

Kila mwaka, kabla ya masika, mto ukiwa umekauka, walikwenda kusimama mchangani. Pembe upande huu, Kucha upande ule. Waliokuwa wengi walichukua ngoma. Waliokuwa wachache walinuna. Watoto walibaki nyumbani, hawakusimama mchangani mpaka wakue. Na mila ilikuwa hii: mwenye ngoma hali raia wake. Akiwa mla nyama, avuke kilima, akale huko ng'ambo.

Sasa, katika bonde hilo alikuwepo Ngiri. Niambieni, ngiri ana pembe?

Hanaaa!

Ana nini?

Menooo!

Shh, asiwasikie. Yale ni meno, meno yaliyochoka kukaa mdomoni yakatoka kupunga upepo. Lakini Ngiri alijihesabu Mwenye Pembe. Tena alikuwa Mwenye Pembe kuliko swala, kuliko pofu, kuliko nyati mwenyewe. Mkubwa wa Wenye Pembe alikuwa Nyati. Nyati akipiga chafya, chiaaa! Ngiri anasema, "Mmesikia hekima hiyo?"

Jirani yake Ngiri alikuwa Muhanga. Muhanga alikuwa Mwenye Kucha, kucha kama majembe. Na shimo analolala Ngiri, nani alilichimba? Muhanga. Ngiri hajui kuchimba nyumba, anajua kuhamia. Asubuhi walisalimiana. Mchana walibishana mambo ya kambi mpaka mate yakawakauka. Jioni wakacheka. Ndivyo walivyoishi.

Muhanga alikuwa fundi, na fundi ana miiko yake. Alikuwa akisema, "Shimo lenye mlango mmoja ni kaburi." Kwa hiyo kila nyumba aliyochimba ilikuwa na mlango wa mbele, na mlango wa pili, huko nyuma, kichakani. Na mlango wa pili hausemwi. Humwambii shemeji. Humwambii mkwe. Huusemi hata usingizini.

Mwaka mmoja ngoma ilikuwa kwa Nyati. Kukatokea wizi. Jiwe la chumvi, jiwe la wote, lilikuwa linalambwa kwa siri. Kila wakiamka, jiwe limepungua. Nyati akapiga ngoma, ndu! ndu! ndu! Baraza likajaa.

"Mwizi yumo humu humu," akasema Nyati. "Kuanzia leo kila mlango utakuwa na kijiti, na kila kijiti kasuku. Mkisema, atasikia. Jioni ataruka kuja kwangu, atanisomea mliyosema."

Muhanga akainua mkono. "Mtukufu, mwizi analamba kule jiweni. Kasuku mlangoni kwangu wa nini?"

Kabla Nyati hajajibu, nani alijibu? Ngiri! Aliruka, mkia juu.

"Muhanga anaogopa! Muoneni! Asiye na hatia anaogopa nini? Nyumba safi haimkimbii mgeni!"

"Kweli!" wakanguruma Wenye Pembe.

"Udhalimu!" wakafoka Wenye Kucha. "Mtu hata nyumbani kwake asipumue?"

Wenye Pembe walikuwa wengi. Sheria ikapita. Walipokuwa wanarudi, Muhanga alimsogelea Ngiri, akamwambia taratibu, "Jirani, leo ngoma anayo Nyati. Kesho je?"

"Kesho Nyati, kesho kutwa Nyati, mtondo Nyati," akasema Ngiri. "Na mtondogoo, mwanawe."

Kasuku wakaja, prrrr! Kila mlango kasuku. Wengi waliwanunia. Ngiri alimkaribisha wake kama mkwe. Akamtafutia njugu, akampa kijiti chenye kivuli. Jioni ilipofika Ngiri akawapitisha watoto wake ndani, vichwa mbele, puku-puku-puku. Kisha yeye akageuka, akaingia kinyumenyume, makalio kwanza. Ngiri wote huingia nyumbani hivyo.

Kasuku akainamisha kichwa. "Mbona unaingia kinyumenyume?"

"Ndiyo akili ya ngiri hiyo," akasema Ngiri, akatuna. "Uso unabaki mlangoni. Adui akija, anakutana na pembe."

"Meno," akasema Kasuku.

"Pembe! Na wanangu hulala chini kabisa, nyuma yangu, hakuna wa kuwafikia. Na mambo yakiharibika, wanatokea..."

"Kho! Kho!" akakohoa Mama Watoto kutoka ndani. "Baba Watoto! Mdomo huo!"

"Niache, mke wangu. Huyu si kasuku wetu? Kasuku wa Nyati! Wanatokea mlango wa pili, pale chini ya kichaka cha miba, karibu na kichuguu kilichobomoka."

"Kho, kho, kho!" Mama Watoto alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Lakini neno limeshatoka, na neno likitoka halina mkia wa kulikamata.

Siku zikapita. Muhanga, akiwa kwake, akamnong'oneza mkewe kwamba Nyati anaamua mambo kama anavyotupa kinyesi, popote tu, bila kutazama nyuma. Jioni kasuku wa mlango wake akayafikisha, kwa sauti ileile ya Muhanga, neno kwa neno. Nyati akachemka. Muhanga akaamriwa achimbe dimbwi la tope la Nyati kuoga, peke yake, juani, mpaka limtoshe Nyati. Na Nyati mnamjua mwili wake.

Ngiri akapita pale, akasimama ukingoni, akacheka, khe khe khe. "Si ungenyamaza, jirani! Mdomo umekuponza!"

Nyinyi watu mna msemo wenu, mkuki kwa nguruwe mtamu. Siku ile nguruwe mwenyewe aliuona mtamu, kwa kuwa ulikuwa mgongoni kwa muhanga. Muhanga aliendelea kuchimba. Mgongo ulimuuma, na kicheko cha jirani kilimuuma zaidi. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena.

Na mwizi wa chumvi? Hakupatikana. Wala hakuna aliyeuliza.

Masika yakakaribia. Wakasimama mchangani, huku Pembe, kule Kucha. Mwaka ule nyumbu walikuwa wamehama kufuata majani, na nyumbu ni watu wa Pembe. Wenye Kucha wakawa wengi. Ngoma ikamwendea mkubwa wao. Ikamwendea nani?

Ikamwendea Chui.

Ngiri alinuna, lakini akajifariji. "Angalau kasuku wataondoka. Wenye Kucha walipiga kelele mwaka mzima kwamba ni udhalimu."

Chui akapanda jukwaani. Sharubu zimenyooka, sauti laini kama mafuta ya ufuta.

"Jamani," akasema Chui, "mimi naheshimu sheria. Sheria ya kasuku aliileta mwenzangu Nyati. Ni sheria nzuri. Kasuku watabaki."

Ngiri akatazama upande wa Wenye Kucha, akingoja wafoke. Hawakufoka! Walipiga makofi! Walewale!

"Udhalimu!" akapiga kelele Ngiri. "Mtu hata nyumbani kwake asipumue?"

Muhanga akasimama, kucha kiunoni, tabasamu limefika masikioni, na masikio ya muhanga mnajua yalivyo marefu. "Ngiri anaogopa! Muoneni! Asiye na hatia anaogopa nini?"

Wenye Kucha walicheka mpaka wakakaa chini. Ngiri alihisi maneno yale aliwahi kuyasikia mahali, lakini hakukumbuka wapi. Nyinyi mnakumbuka? Basi mna akili kumshinda.

Chui akainua mkono, kicheko kikatulia. "Na ile mila ya mwenye ngoma asile raia, naiheshimu pia. Raia ni yule aliyesimama mchangani. Ambaye hajasimama, jamani, mimi simjui. Simjui kabisa." Akaramba sharubu. "Jioni hii kasuku wote waje kwangu. Nataka kusikia kila kitu tangu mwanzo."

Ngiri alielewa. Watoto wake hawajawahi kusimama mchangani.

Alikimbia nyumbani, pata-pata-pata, mkia juu kama bendera. Akamkuta Kasuku kijitini, anamenya njugu.

"Kasuku, ndugu yangu. Wewe si wetu?"

"Mimi wa mlango," akasema Kasuku. "Aliye na ngoma akiniuliza, nasema."

"Lakini yale niliyokuambia, nilikuambia wewe! Nilimwambia Nyati!"

Kasuku akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya Ngiri, mkoromo uleule, majivuno yaleyale. "Wanangu hulala chini kabisa, nyuma yangu. Wanatokea mlango wa pili, pale chini ya kichaka cha miba, karibu na kichuguu kilichobomoka." Hata kikohozi cha Mama Watoto kilikuwemo. Kho, kho, kho.

Ngiri aliogopa. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, na aliona aibu, kwa sababu aliyewauza watoto wake alikuwa na sauti yake.

Afanye nini? Awatoe watoto nje, Kasuku anaona. Achimbe mlango mwingine, hajui kuchimba. Alikuwepo mmoja tu wa kumsaidia katika bonde zima, na huyo ndiye ambaye Ngiri alimcheka alipokuwa dimbwini.

Ngiri akaenda kwa Muhanga. Akasimama mlangoni. Kijitini, kasuku wa Muhanga ametega sikio.

"Hodi, jirani."

"Nani jirani yako?" akasema Muhanga kutoka ndani. "Umekuja kucheka? Leo hakuna dimbwi."

Ngiri alitaka kusema, jirani, niokolee wanangu. Lakini Kasuku yupo. Akatafuta neno la kusema ambalo Kasuku akilifikisha halitakuwa kitu. Na neno gani halishangazi mtu, likitoka kwa Mwenye Pembe kwenda kwa Mwenye Kucha? Tusi!

"Nimekuja kukuambia Chui wako ni mnafiki!" akafoka Ngiri.

"Nini?" Muhanga akatokeza pua. "Chui ni wetu! Tunamjua! Na zimwi likujualo halikuli likakwisha!"

"Mimi nilisema Nyati ni wetu!"

"Nyati hana akili!"

"Hana akili, lakini anakula majani! Chui wako anakula nini, we pua ndefu? Umesikia aliposema ambaye hajasimama mchangani hamjui? Mwanao alisimama lini mchangani?"

Muhanga akageuka, akatazama ndani. Muhanga ana mtoto mmoja tu, na siku ile mtoto huyo alikuwa ndani amelala kifuani mwa mama yake. Masikio marefu ya Muhanga yakashuka, moja, kisha la pili.

Wakatazamana. Ngiri akawa analia, machozi yanapita juu ya meno, hayasemi. Muhanga akayaona. Fundi akielewa kazi haulizi mara mbili.

"Mshenzi wewe!" Muhanga akapaza sauti kwa nguvu zote. "Endelea kunitukana, nakusikia! Nitakujibu nikiwa ndani, sitaki kukuona uso!"

Akazama shimoni. Kisha, chini kwa chini, kwaru! kwaru! kwaru!

"Chui ana madoa ya dhambi!" akapiga kelele Ngiri pale juu.

"Nyati ana kichwa kizito cha bure!" ikajibu sauti ya Muhanga kutoka ardhini. Kwaru! kwaru!

"Wenye Kucha hamkati hata kucha zenyewe!"

"Na wewe huna pembe!" Sauti imesogea. Sasa imetoka chini ya mti. Kwaru! kwaru! "Una meno!" Sasa imetoka chini ya jiwe. "Meno!" Sasa imekwenda mbali, chini ya njia ya kwenda kwa Ngiri.

Kasuku wa Muhanga alifurahi, anaruka juu ya kijiti. Matusi matamu kwa kasuku kuliko njugu. Kasuku wa Ngiri akasikia ugomvi kutoka kule kwake. Akavumilia, akashindwa. Prrr! Akaja kukaa na mwenzake, wakawa wanayaokota matusi yote, asipotee hata moja. Wanyama waliopita walisema, "Ah, Ngiri na Muhanga, kambi hizo," wakaendelea na safari. Nani angeshangaa?

Huko ndani kwa Ngiri, Mama Watoto alikuwa amewakumbatia wanawe. Ukuta ukasema pwa! Udongo ukaanguka, ikatokea pua ndefu.

"Hodi," ikasema pua.

"Karibu, shemeji," akasema Mama Watoto. Maana hata ukuta ukibomoka, adabu ni adabu.

Watoto na mama yao wakapita kwenye njia mpya, puku-puku-puku, mpaka kwa Mama Muhanga, wakalala pamoja na mwanawe. Muhanga akaziba njia nyuma yao. Kisha akachimbua mlango mwingine wa kutokea, upande ambao mimi siujui.

Jua likazama. Kasuku wote wakaruka kwenda kwa Chui, matumbo yamejaa maneno. Ngiri akarudi nyumbani. Akasimama mbele ya mlango wake. Akageuka kinyumenyume kama alivyozoea, akasita. Akageuka tena. Kwa mara ya kwanza tangu aote yale ambayo si pembe, Ngiri akaingia nyumbani kwake kichwa mbele. Akatambaa mpaka chini kabisa, akatazama mlango wa pili, akangoja.

Alfajiri, umande haujakauka, Chui akaja. Hakuja mbele. Akaja chini ya kichaka cha miba, karibu na kichuguu kilichobomoka, kasuku wa Ngiri begani akimwonyesha njia.

"Mbele yuko baba yao na pembe zake," akanong'ona Chui. "Huku nitakutana na makalio ya mzee na watoto wanono. Laini kama uyoga hao." Akaingiza kichwa.

Gwadu!

"Uwiii! Pua yangu! Mama weee, pua yanguuu!"

Chui akatoka kinyumenyume, yeye sasa, akakimbia bila kuchagua miba.

Jua lilipopanda, ngoma ikalia, baraza likajaa mchangani. Chui amekaa, pua imevimba kama embe bivu. Wakamuuliza kwa heshima, "Mtukufu, umepatwa na nini?"

"Nyuki," akasema Chui.

Lakini kasuku akisikia, amesikia. Kasuku wa Ngiri akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Chui, laini kama mafuta ya ufuta. "Watoto wanono. Laini kama uyoga hao." Halafu, "Uwiii! Mama weee, pua yanguuu!"

Ngiri alidhani sasa wameelewa wote. Thubutu!

"Kasuku huyo amelishwa maneno na Pembe!" akasema Mwenye Kucha mmoja. "Mkubwa wetu kaumwa na nyuki! Kama si mwizi wa chumvi, basi ni nyuki!"

Na Nyati akasimama, akajikung'uta tope. "Mmeona? Kasuku hawana kosa. Kosa ni aliyewashika. Masika yakija turudishieni sisi, tutawatumia vizuri!"

"Kweliii!" wakanguruma Wenye Pembe.

Na Ngiri je? Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kuitikia. Kambi ni kambi, mazoea yana taabu. Akaukumbuka usiku mmoja tu aliokaa anatazama mlango wa pili. Akaufunga mdomo. Akamtazama Muhanga, Muhanga akamtazama. Wakatoka, mmoja huku, mmoja kule, wakakutana katikati ya mchanga, mahali ambapo hapajawahi kusimama mtu.

"Msaliti!" wakasema Wenye Pembe.

"Msaliti!" wakasema Wenye Kucha. Siku hiyo tu walikubaliana.

"Sawa," akasema Ngiri. "Kasuku wabaki. Sheria ni nzuri, mmesema wote. Ila tubadilishe kitu kidogo. Kasuku wa milango ya Pembe, jioni wapeleke habari kwa Chui, hata kama ngoma anayo Nyati. Na kasuku wa milango ya Kucha wapeleke kwa Nyati, hata kama ngoma anayo Chui. Asiye na hatia anaogopa nini? Anayekubali, aje asimame hapa nasi."

Swala akamtazama Chui. Kicheche akamtazama Nyati. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu na ubavu. Mwingine akajifanya anatafuta kupe. Nyati akakohoa. Chui akajipangusa pua. Ngiri na Muhanga wakangoja, wakangoja, mpaka kivuli kikahama. Hakuja mtu.

Kisha mbuzi mawe mmoja mzee akaenda kwake, akaking'oa kijiti cha mlangoni pake. Kakati! Halafu paka pori. Halafu pofu. Kakati, kakati, kakati, bonde zima.

Ndiyo maana nawaambia, wadogo kwa wakubwa: fimbo ambayo hutaki kuiona mkononi mwa mkubwa wa mwenzako, usimpe mkubwa wako, hata ukimpenda namna gani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo, aliyechukia amwachie jirani yake.